Ajali Zilizouzwa Sokoni

Vijana wa hapa Likasi wakiniuliza nilifanya kazi gani, nawaambia nilikuwa nahesabu mambo ambayo hayajatokea. Wanacheka. Mmoja wao, fundi wa simu karibu na soko, aliniuliza kama nilikuwa nabii. Hapana, mwanangu. Nabii anajua siku. Sisi siku hatukuijua, ndiyo maana tulihitaji hesabu.

Nilikuwa mpimaji kwenye depo ya mafuta. Kila asubuhi nilipanda ngazi ya tangi, nikafungua kifuniko, nikateremsha fimbo ndefu mpaka iguse chini, nikaivuta na kusoma mafuta yamefika wapi. Kazi hiyo mtu anaweza kuifanya mpaka mvi zimtoke bila kufikiri hata mara moja, na mimi nilianza hivyo. Shule yangu ilikatika sekondari ikiwa changa. Kichwa lakini kilikuwa kimejaa: niendeshe ndege, nipige gitaa Kinshasa, nijenge daraja refu juu ya ziwa la Tshangalele ili wavuvi wavuke wakiimba. Juu ya tangi mtu anaona mbali, basi ndoto zangu zilipata nafasi ya kutosha.

Aliyenishusha chini, kwa maana zote mbili, ni Mama Odette. Tulimwita Mama Injinia. Alikuwa mfupi, miwani mikubwa, na alicheka vichekesho vyake mwenyewe kabla hajavimaliza. Alikuwa amesoma hesabu za bahati na hatari, akafundisha kidogo upande wa Mulungwishi, kisha depo ikamchukua aangalie usalama. Juma langu la kwanza nilipanda tangi na shati la nailoni la bluu linalong'aa. Nililinunua kwa ajili ya msichana mmoja anaitwa Charlotte. Nikasikia sauti kutoka chini.

"Weye Fidele! Shuka!"

"Juu ya nini, Mama?" nikauliza sababu.

"Ile shemizi. Ukiivua ku giza, hauonake namna inatosha moto kidogo-kidogo?"

"Minaonaka, Mama."

"Basi, na mafuta inaonaka."

Nilishuka mbio: nailoni hutoa cheche, na juu ya tangi cheche moja ni moto mkubwa. Tangu siku ile sikuvaa nailoni kazini, na Charlotte alinikubali katika pamba. Kwa hiyo kijana, ukipewa kazi ya mafuta, vaa pamba. Usipime tangi mara tu likishajazwa, maana mafuta bado yanacheza ndani. Ngoja yatulie, kunywa chai yako bila haraka. Pima mara mbili. Vipimo viwili vikigombana, mwite wa tatu aamue. Na mvua ikishapita, zunguka tangi ukiangalia udongo wa chini, si chuma tu, kwa sababu tangi likikalia udongo uliolegea huinama, na likiinama, mishono yake huanza kuvutana.

Bon. Sasa nifike penyewe.

Ninyi hamkuona miaka ile ya tisini. Viwanda vilivyoulisha mji vilinyamaza kimoja baada ya kingine. Mshahara ulikuwa habari ya kusikia, kama harusi ya mbali. Treni ya Lubumbashi ilifika ilipotaka. Depo yetu nayo ilizeeka mbele ya macho yetu: vali zikichakaa hatukupata nyingine, mpira wa kuzibia viungo vya mabomba tulikata kwenye tairi za lori. Na katika uzee ule kikatokea kitu cha ajabu. Ajali zikapungua.

Kila mafuta yalipomwagika, mlinzi au mpimaji alitakiwa kumwambia Mama Injinia, naye aliweka alama. Zamani alama zilikuwa nyingi. Sasa zilikuwa chache, kisha karibu hakuna. Shefu wa depo, Papa Sangwa, mtu mnene na mwema, Mpentekoste wa kupiga makofi, alifurahi sana.

"Munaona? Ajali zinapunguka. Mungu eko na shiye!"

"Mungu eko, shefu," Mama Injinia akajibu. "Lakini niambie. Mabomba inazeeka, viungo tunakata mu tairi, na ajali zinapunguka? Umeisha kuona muzee wa miguu ya kuuma anaanza kukimbia kuliko kijana?"

"Kwa maombi, nimeisha kuona."

"Basi tumutafute ule muzee, atwambie dawa yake."

Alinichukua tukamtafute. Tulizunguka depo mchana kweupe, yeye ameinama kama mtu aliyepoteza sarafu. Nyuma ya tangi la pili, ambamo tulihifadhi petroli, ndivyo tunavyoita mafuta ya taa, alisimama. Mahali pale palikuwa karibu na ukuta uliobomoka kidogo, na mtaro wake unateremka hadi kijito kinachoingia mto Panda. Panda nayo inapeleka maji yake upande wa Tshangalele, kwa wavuvi. Akaniuliza naona nini.

"Sioni kitu, Mama. Pako safi."

"Njo ile minasema. Pako safi kupita."

Nikatazama tena. Kote chini ya matangi udongo ulikuwa mweusi kwa miaka ya matone. Pale tu palikuwa pekundu, pamekwanguliwa, kama mtu amefagia na jembe. Palikuwa na shimo la mviringo, kubwa la kutosha beseni. Nilisimama nikishangaa, na polepole nikaelewa: kuna mtu anakwangua udongo uliolowa kabla mlinzi hajauona. Maana kila asubuhi nyumbani kwangu Charlotte aliwasha mbabula kwa kitu kile kile. Mnajua mbabula, lile jiko la bati la makala, yaani makaa. Kuwasha makala bila kitu cha kushika moto ni kupuliza mpaka macho yavimbe. Basi siku hizo sokoni kulikuwa na mama anauza vidonge vya udongo, vya ukubwa wa yai la njiwa, vyekundu, vinanuka petroli. Unaweka kimoja chini ya makala, unapiga kiberiti, moto huo. Nilikuwa nimemsifu Charlotte kwa akili yake. Nilikunywa chai iliyochemshwa kwa ajali za depo yetu, nikaenda kazini kuripoti kwamba hakuna ajali.

Nilipomweleza Mama Injinia, alikaa chini juu ya bomba akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaivaa tena.

"Fidele. Ajali hazikupunguka. Zinaendaka ku soko."

Hapa ndipo nataka mwelewe kazi yenyewe. Kukadiria hatari ya mafuta ni kutazama yale madogo yaliyomwagika ili kujua kubwa liko karibu kiasi gani. Tone na gharika ni ndugu. Ukijua matone yanatoka wapi, mara ngapi, na wakati gani yanaongezeka, unaweza kusema kama ukuta utashika au hautashika. Lakini ukificha matone, hesabu inakudanganya kwa sauti tamu. Na mvua zilikuwa zinakuja. Tangi la pili lilikuwa karibu kujazwa petroli ya mji mzima. Likipasuka limejaa, petroli yote ingeingia kijitoni, akina mama wanapochota maji ya kufulia na watoto wanapooga, kisha Panda, kisha ziwa na samaki wake. Tulihitaji matone yetu yarudi. Na matone yalikuwa kwa yule mama wa sokoni.

Jina lake Mama Kapinga. Aliishi nyumba ya nne nyuma ya ukuta wetu, Mkatoliki wa kuimba kwaya, mumewe kiwanda kilimwachisha. Tulimkuta uani na majirani zake, mikono ya wote ni myekundu hadi viwiko, wanafinyanga vidonge. Walituona wakaficha mabeseni kwa vitenge, lakini harufu haifichwi kwa kitenge.

"Yambo, ba mama," akasema Mama Injinia.

"Yambo sana. Mumekuya kutufunga?"

"Kama ningekuya kufunga bantu, ningekuya na Fidele? Mumuangalie. Huyu anaweza kufunga nani? Hata mbuzi."

Wakacheka, ila Mama Kapinga hakucheka. Akafuta mikono.

"Sema kile kinakuleta."

"Minataka kujua mafuta inatokaka wapi, na wakati gani inatoka mingi. Sitaki jina ya muntu. Mahali na majira, basi."

"Na tukikwambia, utafanya nini?"

"Nitaona kama ile tangi iko na nguvu ya kupita mvula."

"Na kama haina nguvu, utaziba."

Mama Injinia hakudanganya. "Nitaziba."

"Basi mama, tusikilizane," akasema Mama Kapinga polepole. "Ile tone njo inalipa masomo ya batoto yangu. Njo inawasha taa ya hawa bote. Weye unaniomba nikupe kisu, unikate nayo."

Nilitaka kusema kitu kuhusu samaki na ziwa. Nilifungua mdomo na Mama Injinia akanikanyaga mguu. Baadaye aliniambia: mtu akikuambia atakachopoteza, usimjibu kwa atakachopata mwingine. Nyamaza kwanza, kihesabu kile anachopoteza kama mali, maana ni mali. Somo hilo nimelitumia kazini, nyumbani, hata kanisani.

Alivuta kigoda, akakaa, akaomba maji ya kunywa. Walizungumza habari za watoto. Alianza kufinyanga kidonge kimoja, kikatoka kibaya kama kiazi, wakamcheka, jirani mmoja akamshika vidole kumwonyesha. Na huko katikati ya udongo, Mama Kapinga mwenyewe akasema, kama mtu anayeendeleza mazungumzo mengine:

"Kwanza, minye sijue ya benzangu. Kila muntu eko na mahali yake."

"Hamuambiane?"

"Tuambiane juu ya nini? Ukionyesha mahali, kesho utakuta beseni ya mwenzako."

Mama Injinia akachukua kijiti. Alichora depo pale chini, matangi kama sufuria, ukuta, mtaro, kijito. Akawaomba kila mmoja aweke kidonge kimoja pale alipochota, kimoja kwa kila mara anayokumbuka tangu mvua zilizopita. Hakuna jina, alisema, udongo hauna jina. Walitazamana. Walikuwa hawahesabu kwa tarehe; mmoja alikumbuka ubatizo, mwingine siku treni ilipoleta unga, mwingine matanga ya baba mkwe, mwingine kuhara kwa mtoto. Wakaanza kuweka.

Vijana, nimeona michoro mingi baadaye, na sasa mna mashine zinazochora kwa rangi. Sijaona mchoro kama ule. Kidonge kimoja karibu na pampu. Viwili, vitatu kwenye reli. Na nyuma ya tangi la pili, kidonge juu ya kidonge, mpaka lundo likaporomoka na kuviringika ndani ya mtaro uliochorwa. Kila mama alikuwa na vyake vichache akidhani ndivyo vyote. Mikono ikasimama.

"Byote hii njo pale?" akauliza jirani aliyemfundisha kufinyanga.

"Na mingi ya hii ni kisha mvula," mwingine akasema. "Ya kwangu yote ni kisha mvula."

"Yangu pia."

Mama Kapinga aliangalia lundo lile. Mtaro wa udongo ulipita kando ya mguu wake. Akaokota kidonge kimoja. Akasema: "Mama Injinia, ile tangi inatulilia, na shiye tulikuwa tunapanguza machozi na kuuza."

Kesho yake tulimleta Papa Sangwa uani pale, maana alikataa kuamini udongo asiouona. Alikuja na tai shingoni. Mama Injinia alimweleza: mafuta hutoka zaidi tangi likijaa, hutoka zaidi mvua ikilegeza udongo, na mwaka huu tunataka kujaza tangi katikati ya mvua. Akamrushia kifuniko cha chupa ya bia, kikaanguka mdomo juu.

"Shefu, ukijaza, bahati yetu iko karibu na hii. Mudomo juu, tunapona. Mudomo chini, tunaosha bantu mu petroli."

"Siku gani?"

"Siku sijui."

"Hujui siku, unataka nitoshe mafuta ya mji mu tangi?"

"Treni ya Lubumbashi itafika siku gani?"

"Nani anajua?"

"Na bibi yako anapikaka mikate ngapi ya kuuzisha ku gare, kwa bantu ya treni?"

"Anapika kidogo. Anaongeza kama anasikia imetoka." Akakunja uso. "Kumbe. Siku hajui, lakini anajua kiasi ya kupika."

"Njo kazi yangu, shefu. Kiasi ya kupika."

Bado alisita. Kuipunguza petroli kulimaanisha mapipa kila mahali, walinzi, na wakubwa wake wa mbali kuuliza. Akageukia wamama, akataka kuwa mkali.

"Kwanza, nani anaiba petroli yangu na kuiuzisha?"

"Shiye bote, shefu," Mama Kapinga akasema. "Na kila poshi, siku saba hazipite, bibi yako ananunua kwangu. Anasema ya kwangu inawaka muzuri."

Mke wa shefu! Ua wote ulilipuka kwa kicheko. Papa Sangwa alishika tai yake, akajaribu kukasirika, akashindwa, tumbo likaanza kutikisika. Mpaka leo namshukuru kwa kicheko kile. Wakubwa wengine niliowajua wangeita askari. Yeye alikaa kwenye kigoda, akaomba kijiti, akauliza tuchimbe wapi.

Tukapunguza tangi la pili hadi chini ya mshono mbovu. Tukajenga ukingo wa udongo kulizunguka, na waliouchimba ni wamama wenyewe, kwa majembe yao, kwa sababu wao ndio walijua maji hupita wapi. Tukaweka ndoo chini ya vali, na yaliyodondoka humo yakawa yao wazi wazi, bila kupanda ukuta, mbali na mbabula yoyote. Sharti lilikuwa moja: ndoo ikijaa kwa haraka kuliko kawaida, waite.

Fikirini sharti lile. Ndoo ikijaa haraka ni petroli nyingi zaidi kwa mwenye ndoo. Tulimwomba mtu mwenye njaa apige kelele siku ya shibe. Mama Injinia aliniambia ukweli wake: "Ukingo ninaweza kuuhesabu, Fidele. Mama Kapinga siwezi."

Mvua ilikuja kwa nguvu, mvua yetu ya Katanga inayopiga bati mpaka hamsikilizani. Mchana mmoja nilikuwa kibandani nikikausha soksi niliposikia mtu anapiga lango. Mama Kapinga, kitenge kimemganda mwilini, hana viatu.

"Mukuye! Mukuye mbio! Ndoo inajaa mara moja!"

Tulikimbia. Alikuwa ameacha ndoo tatu zimejaa pale pale, hakubeba hata moja. Tangi lilikuwa limeinama kidogo tu, jicho lisilozoea lisingeona, na mshono mwingine, wa chini kabisa, umeanza kufunguka. Tuliunganisha pampu, tukavuta petroli iliyobaki kwenda kwenye behewa la mafuta relini. Papa Sangwa aligeuza mpini wa pampu ya mkono akiimba zaburi kwa sauti ya juu, Mama Injinia akizungusha upande wa pili, miwani mfukoni. Mshono ulipopasuka, kilichotoka kilikuwa kidogo, na kilizunguka ndani ya ukingo wa wamama, kikabaki humo. Niliteremka hadi kijitoni. Maji yalipita mekundu, ya matope, machafu kama kijito chochote siku ya mvua. Nikachota kwa kiganja, nikanusa. Matope matupu. Nililia, sioni haya kuwaambia.

Tangi lile lilikatwa likauzwa chuma. Kwa hiyo ndoo ikaisha, vidonge vikaisha, na Mama Kapinga akapoteza alichosema atapoteza. Nanyi mnaosoma vyuoni, mnaojifunza kupima hatari kwa mashine: mkipata hesabu ya kweli, tafuteni nani alilipa ili iwe kweli. Karibu kila mara yuko mtu.

Mimi na Mama Injinia tulikwenda kumshukuru. Tulivaa vizuri. Yeye alikuwa ameinama juu ya mbabula yake, anapuliza, macho yamevimba kwa moshi.

"Mama Kapinga," nikaanza, maana nilikuwa nimetayarisha maneno, "kwa jina la wavuvi wote wa Tshangalele, na samaki—"

"Unanishukuru na mudomo?" akasema bila kuinua kichwa. "Leta makala ya kukauka."

Tukarudi siku ile ile na gunia kwenye baiskeli. Mimi nilisukuma mbele, Mama Injinia alishikilia nyuma katika gauni lake la Jumapili, na kwenye kilima cha Kikula gunia lilipasuka kidogo, tukaacha makala njiani, na watoto wakawa wanaokota nyuma yetu, na Mama Injinia, akicheka, hakuthubutu kuliachilia gunia.